Nimekula Mbele ya Kitambaa

Fundi wangu Leokadia,

Karatasi hii ina doa la mawese. Usianze kugomba kabla hujanisikiliza. Ninaandika huku nakula, ugali wa muhogo na maharage ya mawese, juu ya meza yako ya kukatia, na vitenge vya kwaya viko hapa hapa karibu na kiwiko changu. Ndiyo, umesikia vizuri. Mimi Resti, uliyenipokea nikiwa sijui hata kutia uzi kwenye tundu la sindano, ukanivumilia miaka minane, leo ninakula mbele ya kitambaa cha mtu. Kama huko uliko bado unayo ile rula yako ya mbao, najua umeshainyanyua.

Ni tarehe ishirini Desemba, saa saba mchana. Mlango nimeurudisha nusu. Watu wanapita, wanachungulia, wanaita fundi, fundi, nami nimenyamaza utadhani sipo. Mvua imenyesha tangu alfajiri na njia ya sokoni imekuwa tope jekundu tupu. Mwaka jana siku kama hizi tulikuwa tunacheka kwamba tope la Kasulu halipendi gauni jeupe. Leo sicheki. Nina mimba ya miezi saba, Fundi. Uliondoka hujaijua. Kichwa kinaniuma tangu jana, hapa mbele juu ya macho, na miguu imevimba mpaka kandambili zinaniachia mifereji.

Baba yake ni Elia, yule mwalimu uliyemshonea suruali ikatoka fupi ukamwambia ndiyo fasheni ya Dar. Alikuamini, maskini, akaivaa mwaka mzima. Tulifunga ndoa baada ya Pasaka, na mwezi wa saba wakamhamishia Kibondo. Kila siku ananipigia simu, Resti funga duka uje upumzike. Nami kila siku namjibu nikimaliza Krismasi. Unalijua jibu hilo. Nimelitoa kwako.

Asubuhi hii nimetoka kliniki. Nesi aliyehamia kutoka Moshi, mrefu, mpole wa sauti lakini hana utani, alinipima presha mara mbili maana mara ya kwanza hakuamini macho yake. Mia na hamsini kwa mia moja. Akanipa kikopo cha mkojo, akachovya kikaratasi chake, akakitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia fundi cherehani. Ya umeme au ya mguu? Ya mguu. Akaweka kalamu chini. Alitaka kunilaza pale pale. Nikambembeleza anipe mpaka kesho asubuhi nifunge duka, niwarudishie watu vitambaa vyao. Akasema, "Krismasi itakuja tena mwakani, mama. Wewe sijui." Akanihesabia dalili kwenye vidole: kichwa kikizidi, nikiona vimulimuli, tumbo likiniuma juu kwenye mbavu, mtoto akitulia, nisimsubiri kesho wala nani, nije mbio. Akaniandikia hata kwenye kadi, kwa wino mwekundu.

Basi nimetoka hapo nimekuja nyumbani kulala? Thubutu. Nimekuja dukani.

Kuna gauni kumi na nne za kwaya, Fundi. Tisa zimekwisha. Tano bado vitambaa. Mwenyekiti wao ni yule yule Mama Jeremia, mwenye sauti ya kuamsha kijiji, na tangu Jumatatu anapita kila siku kuuliza zimefikia wapi. Hakai. Anasimama pale mlangoni, mkono kiunoni, anatazama mguu wangu unavyokanyaga. Nimejisemea leo nitakata zote tano, nitashona mpaka zitakapoishia, kesho nikalazwe nikiwa sina deni la kazi ya mtu. Nimekaa. Nikanyoosha mkono kwenye kopo la vifungo.

Hapo ndipo kila kitu kimesimama, na ndiyo sababu ninakuandikia. Ila siwezi kukueleza la kopo bila kurudi mwaka jana, na mwaka jana siupendi.

Unakumbuka amri zako mbili. Ya kwanza, kilichoandikwa kwenye daftari la vipimo lazima kitoke. Ukishaandika jina la mtu na kifua chake na kiuno chake, hata umeme ukatike, hata mvua iezue bati, nguo yake inatoka kwa siku yake. Ya pili, hakuna kula kitambaa kikiwa mezani. Ulinisimulia siku ya kwanza nilipokuja na kifurushi changu cha maharage: kwamba zamani tone moja la mawese lilidondokea gauni la bibi harusi wa Nyakitonto, na mawese hayatoki, hata uyafue kwa maji ya moto na sabuni na machozi. Ulishona gauni jipya kwa kitambaa chako mwenyewe usiku na mchana. Tangu hapo ikawa sheria. Meza ikiwa tupu, tunakula. Meza ikiwa na kitambaa, sahani inakaa chini ya kaunta, imefunikwa.

Januari mpaka Novemba sheria hiyo haikuwa na shida. Saa saba meza inakuwa tupu, tunakula, unanitania mdomo wangu mkubwa. Lakini Desemba meza haiwi tupu, Fundi! Wanatoka Makere, wanatoka Nyakitonto, watumishi wa serikali wanataka nguo za kwendea kwao likizo, kila familia inataka sare, baba, mama, watoto sita, kitenge kimoja. Kitambaa kinatoka, kingine kinaingia. Kwa hiyo Desemba tulikuwa hatuli. Tulikunywa chai ya rangi tumesimama nje ya mlango, tukarudi ndani. Mimi nilidhani ndivyo mafundi wanavyoishi. Nilijivunia hata. Nikienda nyumbani nimekonda nilijiona fundi kamili.

Tarehe ishirini na nne mwaka jana, saa nne asubuhi, ulisema kichwa kinapasuka. Ulisema hivyo hivyo, "Kichwa kinapasuka leo, mwana wanje," yaani mwanangu, halafu ukaendelea na kola. Zilikuwa kola za kwaya hii hii. Saa sita nilikuletea ugali na samaki, mgebuka, ukautazama, ukaniambia weka chini, meza ina kitambaa. Nikauweka chini. Sikubisha. Mimi ndiye niliyeifunika sahani, Fundi, kwa mkono wangu huu. Saa nane na nusu ulitaka kusimama uchukue pasi na mguu wa kushoto ukakataa. Ukacheka, ukasema mguu umelala. Mdomo wako ulikuwa umekwenda upande na wewe hukujua. Tulikupakia kwenye gari la mtu wa mkaa. Kabla jua halijazama ulikuwa umeshatuacha.

Siku ya Krismasi watu walikuwa kanisani wamevaa kola zako, na mimi nilikuwa hapa peke yangu ninakushonea gauni la kuzikiwa. Nilifungua daftari nitafute vipimo vyako. Nikafungua la mwaka huo, nikafungua la mwaka wa nyuma, nikashusha yote manane kutoka juu ya kabati. Kasulu nzima imo humo. Wamo watu waliokufa, wamo watoto ambao sasa wana ndevu. Wewe haumo. Hakuna mahali palipoandikwa Leokadia. Nikabeba futi nikaenda mochwari kukupima. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nimekupima, na kwa haraka nikaongeza kiuno inchi mbili bure. Tarehe ishirini na sita tukakuzika kwenu Makere.

Baada ya matanga nikarudi kusafisha duka, na nikatafuta vifungo vya mama mmoja kwenye lile kopo lako la maziwa ya unga. Chini ya vifungo nikakuta vidonge vyako vya presha. Pakiti nzima ya mwezi huo. Vilikuwa vimetoka viwili tu. Nililia kwa hasira, nikuambie ukweli, si kwa huzuni. Maana nilikumbuka ulivyokuwa ukisema, dawa hizi unameza baada ya kula. Na hukula! Kwa kuwa meza ina kitambaa hakuna chakula, kwa kuwa hakuna chakula hakuna dawa, na kwa kuwa ni Desemba hakuna anayemwuliza fundi kama amekula. Ulikuwa na akili ya kukata suti bila kuchora, ukashindwa hesabu ya kidonge. Nina hasira na wewe mpaka leo. Nilitaka kukwambia hilo siku ya arobaini, pale kaburini, nikaona watu ni wengi.

Sasa sikiliza la leo.

Mwanzoni mwa mwezi huu yule nesi aliniona presha imeanza kupanda, akanipa vidonge ishirini na nane, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Leo aliponiuliza kama ninavimeza, nilimjibu ndiyo, macho makavu. Kisha nikaja hapa, nikanyoosha mkono kwenye kopo la vifungo nitafute vya rangi ya udongo kwa ajili ya gauni la kumi, na vidole vyangu vikagusa pakiti. Nikajua kabla sijaitoa. Vilikuwa vyangu. Nilikuwa nimeviweka mle mle, kwenye kopo lile lile, sikumbuki lini, mkono ulikwenda wenyewe. Nikavihesabu. Nilikuwa nimemeza sita.

Nimekaa chini kwenye kigoda nimelishika kopo, na mtoto amenipiga teke moja kali kwenye mbavu. Yesu wangu! Nilikulilia mwaka mzima kwa ujinga wako, kumbe ninausomea ujinga huo huo, nimebakiza mtihani tu.

Basi nimemwita muuza maharage wa ng'ambo. Nimepanga sahani juu ya meza. Sikuviondoa vitambaa, nimekusudia. Nimemeza kidonge cha leo kwanza, maana nesi alinielewesha kwamba vya kwangu ukifika wakati wake navimeza hata kama sijala, chakula kisiwe kisingizio. Halafu ndiyo nimeanza kula, na tonge la pili tu tone limedondoka. Pwaa, juu ya kitenge cha kwaya. Nililitazama hilo tone likienea. Nilisubiri bati lianguke. Halikuanguka.

Fundi, nashindwa kuona mstari vizuri. Herufi zinacheza pembeni. Kuna vitu vinang'aa kama shanga

*

Nimeendelea leo tarehe ishirini na sita. Umetimiza mwaka leo ardhini na mimi sikufika Makere kukufagilia kaburi. Niko wodini. Bado tuko wawili, mimi na yeye ndani yangu. Nianze na hilo usije ukashtuka.

Sasa nikuungamie. Zile shanga ziliponijia machoni nilijua ni nini, nilikuwa nimeambiwa saa tatu tu kabla, kwa wino mwekundu. Na unajua nilichofanya? Nilikaa kwenye cherehani. Nilijiambia gauni la kumi nilianze walau, nipige pindo moja tu. Nilikanyaga mara tatu. Mara ya nne mguu wa kushoto ukawa mzito na nikakuona wewe, mdomo umekwenda upande, unacheka kwamba mguu umelala. Nikautoa mguu. Nikapiga kelele.

Aliyeingia ni Mama Jeremia. Alikuwa amekuja kugomba kama kawaida. Aliona sahani juu ya kitenge chake, aliona doa, akafumbua mdomo, kisha akaniona uso. Aliufunga. Sijawahi kumwona Mama Jeremia akifunga mdomo katikati ya neno. Alinishika kwapani akaniinua, na huku ananivuta kwenda barabarani alikuwa anasema peke yake, si kwangu, "Safari hii hapana. Mwaka jana nilisimama hapa hapa nangoja kola. Safari hii hapana." Alisimamisha gari la mkuu fulani lililokuwa limejaa mizigo ya likizo, akateremsha mabegi ya watu kwenye tope kwa mikono yake. Sikujua kama naye alikuwa amelibeba lile la kola mwaka mzima. Nilidhani ni mimi tu.

Presha wodini ilikuwa mia na sabini kwa mia na kumi na tano. Walinichoma sindano pajani, nzito, inawaka kama pilipili, ili nisipate kifafa cha mimba. Walizima taa upande wangu, wakakataza watu kupiga kelele. Siku mbili sikuwa najua kama ni asubuhi au jioni. Nesi alikuwa akija ananivisha ule mkanda mkononi, na kila ulipobana nilikuwa naacha kuhema, nangoja aseme. Hata leo naacha kuhema. Daktari anasema wanataka mtoto akae ndani angalau wiki mbili zaidi akomae mapafu, ila presha ikipanda tena watamtoa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo sijavuka, Fundi. Usidhani nimevuka. Kazi yangu sasa ni kulala ubavu wa kushoto, kula wanachonipa, kumeza wanachonipa, na kutokwenda popote. Ni kazi ngumu kuliko suti ya vipande vitatu.

Elia alifika kesho yake. Alipanda basi la kwanza kutoka Kibondo, likakwama matopeni, akashuka akasukuma, akafika amepakaa tope mpaka nyusi. Hakunigombeza. Hilo ndilo liliniliza. Amekaa kwenye stuli tangu siku hiyo, ananisagia papai kwa kijiko, na amevaa ile suruali fupi.

Sasa nikupe habari ya kwaya. Gauni ni tisa tu zilizotoka. Tano zimebaki vitambaa. Kwa mara ya kwanza tangu duka hili lifunguliwe, majina matano yaliyoandikwa kwenye daftari hayakutoka kwa siku yake. Mama Jeremia alikuja jana jioni kuniona, na niliposikia sauti yake koridoni nilivuta shuka mpaka puani. Akaketi kitandani kwangu. Akanieleza kwamba wale watano walivaa blauzi zao nyeupe za kila siku, wakajifunga kitenge kiunoni hivyo hivyo bila kushonwa, kama wanakwenda shamba. Kile chenye doa la mawese alikichukua yeye mwenyewe, akakifunga doa likiwa mbele. Watu waliuliza. Aliwajibu ni fundi alikuwa anakula, na fundi lazima ale.

Waliimba vizuri, amesema. Sauti ya tatu ilipotea kidogo kwenye ubeti wa mwisho kama kila mwaka. Wakatoka, wakaenda kula pilau.

Fundi, waliimba bila kola. Nimelala hapa tangu jana nalirudiarudia hilo. Mwaka jana wewe ulikufa kwa kola, na mwaka huu wameimba bila hata gauni, na hakuna aliyekufa. Ningekuwa na nguvu ningekuja Makere nikugongee kaburi nikwambie. Ulikuwa unaweza kula ule mgebuka! Nami ningeweza kukatalia na sahani yako mkononi, nikavitupa vitambaa chini, nikakuziba mlango mpaka umeze. Nilikuwa na umri wa kutosha kukubishia. Niliogopa rula. Nisamehe kwa hilo, na mimi nitajaribu kukusamehe kwa lile kopo. Sijaweza bado. Nikiweza nitakuambia.

Yule nesi wa Moshi ananiona naandika. Amenipa dakika kumi, na zimekwisha muda mrefu, anajifanya hajui.

Niache niseme kwaheri sasa, maana sikukuaga mwaka jana. Nilikuwa na pini mdomoni. Kwaheri, Fundi wangu. Asante kwa mikono hii. Nitailinda kola yako, pindo lako, mshono wako wa ndani ambao haukuni ngozi. Cherehani nitaitunza. Ila sheria ya sahani nimeifuta, na akija mwanafunzi mpya nitamfundisha kula kwanza, kutia uzi baadaye.

Jana nilimtuma Elia dukani aniletee daftari la vipimo. Kwenye ukurasa mpya nimeandika jina lako juu: Leokadia. Kifua, kiuno, nyonga, urefu, vile nilivyokupima siku ile, na nimezitoa zile inchi mbili. Sasa umo. Chini yako nimechora mstari, nikaandika la pili: Restituta. Chakula saa saba. Kidonge asubuhi, kidonge jioni. Miguu juu. Siku ya kuchukua nimeandika kila siku, Desemba ikiwemo.

Uliniambia mwenyewe kilichoandikwa humu lazima kitoke. Nimejiandika, Fundi.

Resti wako